Makala Saba za Daktari Muhidini Jumanne wa Shangani

Ndugu waombolezaji, mashehe wetu, wafanyakazi wenzake marehemu na majirani wa Shangani na Magomeni, kwa niaba ya familia ya mzee Jumanne Nalinga nasimama mimi Waziri, kaka yake marehemu na balozi wa nyumba kumi hapa Magomeni, kuwasomea maisha ya mdogo wangu, Daktari Muhidini Jumanne, tuliyemzika leo Jumapili, tarehe 10 Agosti 1975, na ninasimama kwa aibu, kwa sababu mtakayoisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 huko Mtawanya, mtoto wa tatu wa mzee Jumanne na bibi Mwasiti, wakulima wa mihogo na korosho. Alianza shule Mikindani mwaka 1943, akaendelea na sekondari Dar es Salaam, akaingia Chuo cha Makerere mwaka 1955, na kati ya 1961 na 1965 alikuwa Uingereza kwa shahada ya udaktari, akichunguza virusi, vitu vidogo visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida, ambavyo huozesha muhogo ardhini huku majani yake yakiwa bado yanapendeza. Alirudi tarehe 12 Januari 1966, akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao hapa Mtwara, na Ijumaa ya tarehe 9 Septemba mwaka huohuo alimwoa Bi Fauzia binti Mussa wa hapa Magomeni, wakajaliwa watoto wawili, Zuhura na Juma.

Katika utumishi wake marehemu alichapisha makala saba kwenye majarida ya kitaalamu ya nje, ya kwanza mwaka 1966 na ya mwisho mwaka 1971. Ndugu Elia, mwenzake wa maabara, amenieleza kuwa kipo kitabu kinachotolewa kila mwaka kuonyesha nani ametaja kazi ya nani, na humo makala za marehemu zimetajwa mara hamsini na tatu, na watu wa India, Ghana na Brazili, na ile ya nne peke yake, inayoeleza virusi hivyo vimeundwa na nini, imetajwa mara thelathini na moja, wakati mimi siku zote nilidhani mdogo wangu anashinda akisaga majani tu. Baada ya 1971 hakuna makala hata moja, na karatasi niliyopewa inaruka kutoka hapo hadi kwenye ugonjwa, lakini mimi sitaruka.

Tarehe 16 Novemba 1971, nikichukua barua kwenye sanduku la posta la familia, nilikuta kadi aliyoandikiwa yeye, yenye stempu ya Wareno, na mnakumbuka jinsi vita vilivyokuwa vinawaka ng'ambo ya Ruvuma na mabomu yakitegwa mpaka mashambani mwetu. Kiingereza sikijui, niliona namba tu, 14, kisha 3, kisha 214 hadi 221, nikajiambia hizi ni namba za siri, nikaipeleka kadi ofisi ya usalama siku ileile, nikasema huko na hapa mtaani kwamba ndugu yangu anawapelelezea Wareno, nikajiona mzalendo kweli. Jana, tulipokuwa tunaandaa historia hii, nilimtajia Elia namba zile, akanifafanulia kwamba kumi na nne ni juzuu ya jarida, tatu ni toleo, zilizobaki ni kurasa, na kwamba mtaalamu wa upande ule alikuwa anaomba nakala ya makala ya nne, maana mihogo ya huko nayo ilikuwa inaoza.

Mdogo wangu aliwekwa ndani siku nne, akarudi, akaondolewa maabara na kupelekwa stoo ya magunia na majembe, akakatazwa kuandikiana na watu wa nje, na Zuhura na Juma wakaanza kuitwa watoto wa Mreno barabarani, na baadaye shuleni, hadi wiki hii.

Marehemu alianza kuugua ini mwezi Aprili mwaka huu, akalazwa tarehe 21 Julai, akafariki jana Jumamosi saa nne asubuhi. Jumanne iliyopita, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, aliniuliza kwa upole kama miaka ile sikuwahi kuiona kadi yake moja iliyopotea, nami nikamjibu sikuiona, akasema haya kaka, akageukia ukutani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, tunamshukuru Elia na wafanyakazi wenzake, tunawashukuru majirani mliofika, na ambao hawakufika siwalaumu, kwa kuwa walilolisikia lilitoka kinywani mwangu. Marehemu hakuwa mpelelezi wa mtu yeyote, na ninawaomba, mbele ya kaburi lake, watoto hawa msiwaite tena jina lile.

Kesho saa mbili asubuhi nakwenda ofisi ileile niliyoipelekea kadi, kuandikisha kwamba nilisema nisichokijua juu ya ndugu yangu, na ubalozi wangu nitaukabidhi hukohuko. Shemeji Fauzia, ukitaka, njoo na watoto wasikie kwa masikio yao.

Mwenyezi Mungu akupokee kwa rehema zake, Muhidini. Pumzika kwa amani.