Kirusi cha Tatiana Kinakaa Upande Gani

Jumamosi benchi letu nje ya duka la Daksha, hapa Kenton ughaibuni, huwa limejaa. Titus dereva wa basi, tunayemwita Breki. Abdulsamad wa Unguja, Mufti wa mambo asiyoyasomea, ndiye mwenye chupa ya kahawa. Jedidah, Matroni, katoka zamu ya kutunza wazee. Jumamosi hii Kibet akafika uso umemshuka. Mkewe Tatiana, Mrusi aliyemwoa alipokuwa anasoma kulekule kwao, ana kifafa, na juzi alipimwa ubongo.

— Walilaza nusu ya ubongo kwa dawa, Kibet akasema, wakamwonyesha picha ataje kwa Kirusi. Halafu nusu ya pili.

— Mbona Kirusi? Titus akauliza.

— Ndiyo lugha yake. Kabla ya kumpasua lazima wajue maneno na kumbukumbu vinakaa wapi.

— Kulia, Abdulsamad akahukumu. Herufi zao si zimegeuka nyuma mbele?

— Wacha, Mufti, Titus akadakia. Kwao wanaendesha kulia, huku kushoto. Ubongo ulishabadilisha leni zamani.

— Wako uko gereji, Jedidah akamwambia.

— Ni kushoto, Kibet akasema. Kushoto kulipolala, hakutoa neno.

Titus akasogea karibu.

— Mke kimya kabisa? Buda, hiyo dawa inauzwa wapi?

— Mpumbavu wewe, Jedidah akasema.

— Kulia kulipolala, Kibet akaendelea, alitaja kila picha, na baadaye akazikumbuka. Ugonjwa uko kulia. Daktari anasema wanaweza kukata. Tatiana amekataa.

— Mkataa pema pabaya panamwita, akasema Titus.

— Miye naona ile nusu ya kulia ndiyo inayokataa, Abdulsamad akasema. Imesikia itakatwa. Nani hukubali kufukuzwa nyumbani kwake?

Haika, mwanafunzi jirani yetu, alikuwa anatoka dukani na mkate. Akasimama.

— Kwani anaogopa nini?

Kibet akasema polepole:

— Sijamuuliza.

Akapiga simu. Wakaongea Kirusi muda mrefu, sisi tumetulia kama tunaelewa. Alipokata simu, alikuwa anafuta macho na kucheka.

— Kunyolewa. Anasema maneno watamwachia, lakini atatokaje nje na kipara.

Jedidah akashika nywele zake, zile ndefu tunazozisifu kila Krismasi, akazivua zote kwa mkono mmoja. Kichwa kilikuwa kitupu kama yai. Titus akamwaga kahawa mapajani.

— Nipeleke kwake, Matroni akamwambia Kibet. Hivihivi nilivyo.