Sajini Pazia na Jina Aliloitwa Kaburini

Jina ukilifunika, hofu hukaa moyoni,
Na siku ukiondoka, uitwe nani shimoni?

Ndugu waombolezaji, marehemu ambaye Bilkis mkewe alimjua kwa jina la Mikail Sherali, na ambaye watoto walimjua kwa katuni na sanamu za plastiki za Sajini Pazia, mpelelezi wa Kikosi cha Ngurumo, alimwambia mkewe kwamba alizaliwa Mombasa tarehe 14 Aprili 1970, akasoma huko hadi kidato cha sita, na kwamba hakuwa na ndugu aliye hai, maelezo ambayo Bilkis aliyapokea bila kuyachimba.

Alijiunga na jeshi mwaka 1993, akatumwa na Kanali Kiprop kuishi miongoni mwa wauza silaha kwa jina lisilo lake, na sifa za kikosi zilipoenea hata kampuni ya vichezeo ikaomba kuuza sanamu za askari wake, yeye peke yake alichongwa akiwa amefunikwa uso, na nyuma ya boksi, mahali pa jina halisi, pakaachwa wazi.

Alifunga ndoa na Bilkis tarehe 9 Agosti 2003, wakapanga nyumba Weston, hapa Toronto, wakajaliwa Ruqayyah mwaka 2005 na Rameez mwaka 2008, ambao walimchezesha Sajini Pazia kwenye zulia bila kujua kuwa ni baba yao, huku Bilkis, aliyeamini kuwa mumewe hupakia mizigo uwanja wa ndege, akimtania, "Baba Ruqayyah, huyo bwana wa plastiki anaokoa dunia, wewe hata balbu ya jikoni imekushinda!"

Januari 2024 madaktari waligundua saratani ya mapafu, na tarehe 2 Machi akamfungulia mkewe yote isipokuwa jina, akisema, "Siku Sheikh Alireza atakaponishika bega kaburini anikumbushe imani, asiniite Mikail," na Bilkis alipouliza, "Tukuite nani basi?" akautazama mlango kwanza, akajibu, "Kiprop anajua," akafariki kesho yake, tarehe 3 Machi.

Kanali Kiprop alikataa. "Shemeji, aliowafunga wana watu wao mji huu," alisema, "nikilitamka jina lile mbele ya watu, nimewaonyesha mlango wa wanao," naye Bilkis akamjibu, "Na akiitwa kwa jina la uongo, Kanali, atajuaje kuwa ni yeye anayeitwa?" lakini jibu hilo halikumtuliza Bilkis mwenyewe, kwa kuwa asubuhi ya maziko aliona langoni mwa makaburi mzee mmoja na mwanamke, wasiojulikana na yeyote, wasiomsalimu mtu, macho yao yameganda kwenye jeneza, akawavuta wanawe nyuma yake.

Sheikh Alireza alishuka kaburini, akashika bega, akauliza, "Jina lake na la baba yake?" Kanali akamtazama Bilkis, Bilkis akawatazama wale wawili langoni, kisha wanawe, hata akasema, "Mwiteni."

Kanali akainama, akamnong'oneza sheikh, na sheikh, ambaye hajui kuita kwa sauti ndogo, akaita, "Sikia, ufahamu, ewe Nadim mwana wa Madatali!"

"Madatali ni mimi," akasema yule mzee.

Basi isahihishwe leo, katika hitima hii, kwamba marehemu alizaliwa Tanga tarehe 2 Novemba 1969, akaletwa Toronto akiwa na miaka sita, akasoma karibu na Crescent Town, ambako baba yake na dada yake Zebunissa wanaishi hadi sasa, waliokuwa wameambiwa mwaka 1995 kwamba amezama mazoezini, na waliofika makaburini kwa sababu tangazo la msiba lilibeba jina wasilolijua juu ya uso waliodhani wanaujua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Weston waliopika pilau na kuhudumia wageni, na wenzake wa kazi, waliokuja bila sare na kuondoka bila kuaga, ambao mmoja wao tunaona bado ameegesha gari mbele ya nyumba, kwa kuwa jina limeshasikika, na Bilkis hafungui mlango kabla ya kuchungulia.

Nadim, pumzika, umeitwa ukasikia.

Siku ile ya maziko, udongo ulipokwisha kusawazishwa na watu wakatawanyika, waliobaki wamesimama kando ya kaburi walikuwa mzee Madatali na Bilkis.