Ukuta wa Magharibi wa Tyddyn Brwynog

Ndugu, majirani, na nyote mliopanda hadi kanisani kwetu katika mvua hii, familia inawaletea safari ya maisha ya mzee wetu Idwal Rowlands, kama mkewe Luned anavyoikumbuka.

Idwal alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika nyumba ya mawe ya Tyddyn Brwynog, mlimani juu ya mji wa Dolgellau, mtoto pekee wa Rhydderch na Catrin Rowlands, siku zile ambazo watu walilala upande wa juu wa nyumba na ng'ombe upande wa chini, chini ya paa moja, na Catrin alipenda kusema, "Mkunga alichelewa, ng'ombe ndio walionipa pole."

Alianza shule ya kijiji Septemba 1943, akaiacha Julai 1953, akashika kondoo na nyundo ya mawe pamoja na baba yake, na tarehe 2 Juni 1962 akamwoa Luned, wakajaliwa watoto wawili, Tegid mwaka 1964 na Angharad mwaka 1967.

Agosti 1976, mvua ilipokuwa imeadimika, Idwal aliubandua ule ukuta mnene wa magharibi aliojenga baba yake, wenye meko na dohani, chokaa yake ya zamani, akaupiga saruji kuanzia chini hadi kwenye vigae, na mzee Rhydderch akamfuata na fimbo yake akimwambia, "Idwal, nyumba hii inapumua, usiizibe pua," naye akajibu huku akicheka, "Baba, huu ni ukuta, si kondoo." Mzee akafariki tarehe 11 Februari 1979, nao ukuta, unyevu ukiwa umefungiwa na saruji, ukaanza kulia maji kwa ndani, na kila aliyeuliza, hata pale nje ya kanisa, Idwal alimjibu, "Mzee alipanga mawe vibaya, Mungu amrehemu." Luned alijua si kweli, akanyamaza miaka kumi na tisa, na kwa kunyamaza huko hajajisamehe.

Oktoba 1998 ukuta ulikuwa umetoka tumbo kama la mja mzito, mlango wa chumba cha juu haufungiki, na mkaguzi wa majengo akatoa siku ishirini na moja, ukuta uwe salama au watu wahame. Tegid akasema, "Baba, tubomoe tu, tujenge nyumba ya maana." Idwal akaenda kukata miti ya kuegemeza ukuta.

Jumatatu tarehe 19 Oktoba, baba na mwana pamoja na majirani wawili waliegemeza kwa nguzo boriti ya mwaloni iliyo juu ya meko, ile inayobeba dohani nzima, wakaanza kubandua saruji, na bamba la kwanza lilipoanguka, kifusi cha katikati ya ukuta kikamwagika kimelowa kama uji, nguzo moja ikalia, ikapasuka, boriti ikashuka upana wa kidole. Tegid akaingiza bega chini yake. Luned, aliyesimama mlangoni na aproni yake, akapiga kelele, "Tokeni, jamani, tokeni!" Idwal akasema, "Tukitoka dohani yote inakuja," macho yake yakiwa ndani ya tundu lililoachwa na kifusi, ambako mawe marefu ya baba yake yalikuwa yamelala toka uso mmoja wa ukuta hadi mwingine, yamefunga pande zote mbili, hata moja halijateleza, na ndiyo hayo yaliyokuwa yanaizuia nyumba isiwafunike.

Akasema kwa sauti, majirani wakisikia, "Mzee hakukosea. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeuziba."

Tegid, jasho likimtoka, akasema, "Baba, utaungama baadaye, lete jeki!"

Jeki ikaja, boriti ikasimama, wakaujenga upya kipande kwa kipande, kwa chokaa, wakiufunika magunia kila jioni kwa hofu ya baridi kali, kwa sababu chokaa mbichi ikipigwa na barafu inakufa, na tarehe 6 Novemba, ikiwa imebaki siku moja tu, mkaguzi akaugonga, akausikiliza, akatia sahihi. Tegid ndiye anayeishi katika nyumba hiyo leo na wanawe.

Mzee Idwal alianza kuugua moyo Januari 2018, akalazwa mara tatu, akaomba kurudi nyumbani, akafariki Ijumaa tarehe 22 Novemba 2019, saa nne asubuhi, Luned akiwa amemshika mkono. Siku chache kabla alimwagiza, "Mkisoma wasifu wangu, msinisifu mpaka mseme lile la ukuta." Basi tumelisema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta mchuzi wa kondoo na kukamua ng'ombe wetu, mafundi wenzake wa mawe waliombeba leo, na mchungaji wetu.

Idwal, tunakulaza kando ya mzee Rhydderch. Pumzika kwa amani, na huko mkionana, anza wewe kusema.