Harlan Tuttle, Shofere Asiye na Patron (1924–1996)

Jumanne asubuhi nilishuka uwanja wa ndege wa Zaventem, Brussels, nikitokea Lisbon, nikapanda basi hadi Berchem-Sainte-Agathe, mtaa nisioujua, na mlango nikautambua kwa nyimbo za msiba. Dada yangu Marie-Jeanne alinishika mikono. "Mudogo, wewe ndiye unaandikaka vitabu. Andika ya bwana yangu. Donc, usilielie mule ndani ya maandiko. Alikuwa mushindi."

Harlan Wesley Tuttle alizaliwa tarehe 9 Februari 1924 huko Kokomo, Indiana, Marekani, mtoto wa tatu wa fundi magari. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na sita. Mwalimu alilalamika kwamba daftari zake zote zilinuka petroli. Mwaka 1944 alifika Ubelgiji akiendesha lori la jeshi, akazipenda kona za milima ya Ardennes hata zilipojaa theluji.

Alianza mashindano ya magari mwaka 1947, kwenye viwanja vya vumbi vya Indiana na Ohio. Mwaka 1953 alishinda mara saba, mara moja boneti ikiwa imefungwa kwa mkanda wa suruali yake. Alivuka bahari mwaka 1956, na madereva wa Ulaya wakazoea kuuona mgongo wake.

Mwaka 1963, hapa Brussels, alimposa Marie-Jeanne, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Élisabethville, Kongo. Baba yetu, Papa Kalenga, dereva wa treni, alisafiri hadi mtaa wa Saint-Josse, hapa Brussels, kumpima mkwe huyo. Harlan alijieleza kwa Kiswahili alichofundishwa na mchumba wake.

"Papa, niko shofere."

"Shofere ya nani?"

"Ya mimi mwenyewe."

Kwetu shofere humwendesha bwana wake, patron aliyemwajiri. Papa alikunja uso. "Muntu hana patron, huyo ni chômeur, hana kazi! Sitoe mutoto."

Marie-Jeanne alilia siku tatu. Jumapili akampeleka Papa Ardennes kwenye mashindano. Harlan alishinda, akimwacha wa pili kwa dakika mbili nzima. Watu walirusha kofia. Papa hakupiga hata kofi moja.

"Amezunguka trois heures, masaa tatu," alisema, "na amerudi pale pale alitokaka!" Akafikiri. "Alors, mwanaume wa vile anarudiaka ku nyumba. Amuoe."

Walifunga ndoa tarehe 18 Aprili 1964. Harlan alistaafu mwaka 1966 akiwa na vikombe thelathini na kimoja, akafungua gereji Saint-Josse na kuwafundisha akina mama wa kanisa letu kuendesha. Hakuna aliyefeli mtihani, ingawa polisi waliwatambua wote kwa mwendo.

Oktoba 1995 aligunduliwa kuwa na kansa ya mapafu. Daktari alimpa wiki sita. Yeye alichukua miezi mitano. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 10 Machi 1996, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto wawili, Viviane na Donatien, wajukuu wanne, na dada mmoja Kokomo. Wengi walidhani atazikwa huko. Lakini Papa Kalenga, kabla hajafariki mwaka 1981, alionyesha nafasi pembeni ya kaburi la mkewe na lile alilojitengea, Lubumbashi, ndiyo Élisabethville ya zamani. "Hapa musizike muntu. Ni ya mukwe wangu." Dada wa Harlan aliposomewa maneno hayo kwa simu, alikubali.

Ndege ya Lubumbashi inaondoka alasiri hii. Sisi tunabaki Brussels. Harlan anakwenda kwao. Mungu amlaze kwa amani.