Shangazi Anaaga Daftari

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, wakili mwandamizi wa kitengo chetu cha mito na maji taka atafunga mlango wa chumba namba tano kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia ofisi hii ya sheria za mazingira kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Sote tunamwita Shangazi. Si kwa sababu anatoa ushauri wa mapenzi, ingawa huo nao ameutoa, tena bila kuombwa. Ni kwa sababu anagomba kama shangazi, anasamehe kama shangazi, na akiingia chumbani kila mtu hujiangalia kama amekaa vizuri.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, karani wa masjala, kazi ya kuandika wasifu huu, na imenisihi niwe mchangamfu. Nitajitahidi, ila nimechoka. Huu ni wasifu wangu wa kumi na mbili. Katika zile kumi na moja zilizotangulia nilisema kila mstaafu ni mchapakazi, mcheshi na mpenda watu, hata yule bwana wa stoo ambaye kwa miaka ishirini hakumwitikia mtu salamu. Shangazi ameniambia nikimwandika hivyo ataukata kwa wino mwekundu kabla haujaenda kuchapwa. Kwa hiyo nitashika jambo moja tu, lile lililomsumbua tangu nimjue: je, wakili wa mazingira anafaidika na chochote kwa kwenda kwenye makongamano?

Alianza kazi akiwa ofisa sheria msaidizi, katika chumba alichogawana na mashine ya kurudufia na ndoo ya kukingia maji ya paa. Kesi yake ya kwanza ilihusu dampo lililowekwa nyuma ya shule ya msingi. Alishinda, dampo likahamishwa, na mpaka leo anasema hakushinda kwa hoja yoyote. Hakimu alikwenda kujionea mwenyewe, harufu ikamkatalia kushuka garini.

Mwaka wa tatu akapelekwa kongamano lake la kwanza. Alinunua viatu vipya vikambana, akakaa mstari wa mbele siku nne, akaandika kila lililosemwa, akarudi na makabrasha yaliyohitaji watu wawili kuyapandisha ngazi. Makabrasha hayo bado yapo. Yanashikilia dirisha la masjala lisigonge upepo ukivuma.

Akanogewa. Kila mwaka alikwenda, mara nyingine mara mbili, na kila beji aliyovaa shingoni aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Mimi nilipoajiriwa, miaka ishirini na sita iliyopita, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchapa taarifa zake za safari. Naweza kuzichapa nikiwa usingizini: washiriki walibadilishana uzoefu, changamoto zilijadiliwa, maazimio yalipitishwa. Kauli mbiu ilibadilika kila mwaka, ila picha ya kasa aliyenaswa kwenye mfuko wa plastiki ilikuwa ile ile. Shangazi alisema wamezeeka pamoja, yeye na yule kasa. Faida tuliyoiona wengine ni mikoba. Hakuna mfanyakazi wa ofisi hii aliyewahi kununua mkoba wa kwendea sokoni.

Sasa nifike kwenye kesi ya bondeni.

Wageni watakaosoma kijarida hiki wajue kwamba bondeni ni kaya arobaini na moja zinazokaa mtoni, chini ya kiwanda cha ngozi. Maji yanayotoka kiwandani yana rangi ya kutu, na watoto wanaoyaoga hutoka upele usiosikia dawa. Mwenyekiti wa kamati yao ni fundi cherehani. Kila mwezi mama huyo alikuja ofisini na chupa ya maji ya mtoni, akaiweka kwenye kaunta yangu, akakaa kwenye benchi. Mwaka wa kumi na sita wa utumishi wa Shangazi, kesi hiyo ilisikilizwa tukashindwa. Hakimu alisema maji tumeyaleta, ila vipimo vya kuonyesha yametoka wapi hatunavyo.

Notisi ya kukata rufaa ilitakiwa ifike mahakamani ndani ya siku kumi na nne, na siku ya kumi na nne iliangukia Alhamisi. Shangazi aliiandaa na kuitia saini Jumatatu. Jumanne alfajiri akasafiri kwenda kongamanoni kuwasilisha mada. Mada yenyewe ilihusu haki ya mwananchi wa kawaida kuifikia mahakama.

Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini, akiwa jukwaani, alifunua ukurasa wa nne wa mada yake na chini yake akakuta notisi. Ile yenyewe, nakala halisi, yenye saini yake. Alikuwa ameikusanya pamoja na karatasi za mada pale mezani Jumatatu. Masjala ya mahakama hufungwa saa tisa na nusu, na yeye alikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Kisha akawaambia waliokuwepo kwamba anaomba radhi, hana la kuongeza. Wao wakadhani huo ni unyenyekevu wa msomi, wakampigia makofi, wengine wakasimama kabisa.

Tuliomba tuongezewe muda, tukaambiwa kwamba wakili kuwa kongamanoni si sababu ya msingi. Maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi alikataa tuwaandikie barua watu wa bondeni, akaenda mwenyewe kwa miguu kutoka kituoni mpaka kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Mama wa watu alimsikiliza mpaka mwisho, mguu bado uko kwenye kanyagio, kisha akauliza, "Kwa hiyo wametupa tarehe gani nyingine?" Shangazi aliniambia bora angetukanwa.

Taarifa ya safari ile ilikuwa na mstari mmoja: Kosa ni langu. Niliichapa kama ilivyo. Beji ya kumi na tisa ikatundikwa ikiwa imegeuzwa uso ukutani, na kwa miaka tisa hapakuwa na beji nyingine.

Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu ambao ofisi za jirani hutuchekea. Mtu yeyote anayesafiri, hata kwa siku moja, husimama kwenye kaunta ya masjala na kusoma kwa sauti kila tarehe iliyomo kwenye majalada yake. Anayebaki huirudia kwa sauti huku akiiandika kwenye daftari. Asiporudiwa, haondoki. Tunaita kuaga daftari. Dereva hupiga honi mpaka betri inalalamika, na hakuna anayejali. Kuna mwenzetu aliyefunga ndoa Jumamosi, Jumatatu akapita kuaga daftari kabla ya fungate, akasoma tarehe kumi na saba bibi harusi akimngoja garini. Bibi yule mpaka leo hatusalimii vizuri. Lakini tangu mwaka ule hatujapitwa na tarehe hata moja, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo Shangazi ameifanyia ofisi hii.

Katika miaka hiyo tisa, aliyethubutu kumwonyesha Shangazi mwaliko alipata somo. Kongamano, alikuwa akisema, ni harusi isiyo na bibi harusi: watu wamevaa, wamekula, wamepiga picha, na hakuna aliyeolewa. Mawakili vijana walimwogopa. Kuna waliofanya kazi kwetu miaka mitano bila kuvuka mipaka ya mji, na wengine waliacha kazi kwa sababu hiyo. Siwezi kusema alikuwa sahihi. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia huona kisu hata mahali palipo na kijiko.

Mwaka wa ishirini na tano wenzake wawili waliugua kwa pamoja, na mkurugenzi akamwamuru aende. Alikwenda amenuna. Akakaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili awahi kutoka. Siku ya pili mashine ya kuonyeshea picha ikazima katikati ya hotuba (kasa alikuwa ndiyo kwanza anatokea) na ukumbi ukabaki kusubiri. Aliyeitwa kuitengeneza alikuwa bwana mmoja aliyevaa koti la maabara lenye madoa, aliyekuja tu kwa sababu mashine ilikuwa ya kazini kwao na lazima mtu aisindikize. Kiti chake kilikuwa jirani na cha Shangazi. Kwa kuchoka tu, si kwa busara yoyote, Shangazi akamuuliza siku nyingine huwa anafanya kazi gani.

Bwana yule akasema ni fundi wa maabara ya maji. Kila miezi mitatu huzunguka na chupa, huchota maji ya mito sehemu mbalimbali, huyapima na kuandika majibu kwenye madaftari. Ameyafanya hayo miaka kumi na mitano. Aliulizwa nani huyasoma hayo madaftari, akacheka, akasema mende. Shangazi akamwomba amtajie mito. Mto wetu ulikuwa wa nne kwenye orodha: huchotwa juu ya kiwanda, na huchotwa chini ya kiwanda. Shangazi anasema alishika kiti cha mbele yake ili asianguke, na aliyekuwa amekikalia akageuka akamkemea.

Rufaa ile ilikuwa imekufa, lakini kiwanda hakikuwa kimeacha kumwaga maji hata siku moja, na kosa la leo halifi kwa sababu la jana lilikosewa tarehe. Mwaka uliofuata tulifungua kesi mpya kwa madaftari ya fundi wa maabara. Shangazi alirudi bondeni kwa miguu tena. Fundi cherehani alikuwa na mvi sasa na miwani. Hakuuliza chochote safari hii. Alipotajiwa tarehe aliiandika kwa chaki kwenye kitambaa alichokuwa akikata, akaendelea kukata.

Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita. Tumepita mapingamizi manne, majaji watatu, na jalada kupotea mara mbili, mara moja likaokotwa likiwa limewekewa birika la chai juu yake. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Nadhani wahenga hao hawakuwahi kufungua kesi. Lakini mashahidi wamekwisha, na majumuisho, yaani hoja za mwisho za mawakili, yatasikilizwa Jumanne ya tarehe 15 mwezi ujao. Hiyo ni siku kumi na nane baada ya Shangazi kustaafu. Atakayesimama ni wakili wa chumba namba tatu, binti hodari aliyefundishwa na Shangazi mwenyewe. Shangazi inamuuma. Ameitaja mara moja tu, tukiwa tunapanga majalada, kisha akasingizia vumbi.

Mwezi uliopita uongozi ulifikiria kufuta kabisa safari za makongamano. Wakati huo huo wakili wa chumba namba tatu alikuwa na mwaliko mezani, wa wiki moja baada ya majumuisho. Mkurugenzi akasema Shangazi ndiye aamue kwa wote, kwa ukurasa mmoja, iwe kazi yake ya mwisho. Alimaliza wiki tano. Kapu lake la taka lilijaa mara mbili. Binti wa watu alikuwa akipita mlangoni pa chumba namba tano kwa kunyata, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Jumatatu ukurasa ulitoka, nami ndiye niliyeuchapa:

"Ukumbi wenyewe hauna faida. Nimekaa kwenye kumbi ishirini na tatu na sikumbuki hotuba hata moja, yangu ikiwemo. Faida ni mtu mmoja ambaye usingekutana naye mezani kwako, na huwezi kujua mapema ni yupi. Binti aende. Asikae mstari wa mbele. Awatafute waliobeba mitambo, wanaoandika madaftari, na yeyote ambaye hajaulizwa kitu siku nzima. Akirudi bila jina moja na namba moja ya simu, msimpeleke tena. Na kabla hajaondoka, aage daftari."

Binti alilia. Shangazi akamwambia akalie nje, kuna wateja.

Jana, saa tisa kasoro robo, Shangazi alikuja kwenye kaunta yangu na mkoba wake wa kongamano begani. Majalada yote alikwisha kuyakabidhi, hakuwa na sababu ya kuja. Akasimama pale wanaposimama wasafiri, akasoma: "Bondeni. Majumuisho. Jumanne, tarehe kumi na tano, saa tatu asubuhi." Nikairudia. Nikaiandika, ingawa ilikwisha kuandikwa.

Kisha nikavuta droo ya chini, nikatoa daftari la miaka kumi na minane iliyopita. Wajibu wa karani wa masjala, asubuhi ya siku ya mwisho ya tarehe yoyote, ni kumpigia simu wakili. Alhamisi ile niliiona tarehe, imeandikwa kwa wino mwekundu kwa mkono wangu. Nikajiambia Shangazi hachelewi, atakuwa amekwisha kuipeleka, na kumsumbua mtu mwenye mada ni utovu wa adabu. Ningepiga, angepekua karatasi zake asubuhi ile, na wakili mwingine angetia saini notisi nyingine kabla ya adhuhuri. Kisha nikachapa "Kosa ni langu" kwa jina lake, nikaenda nyumbani kula.

Nikasoma kwa sauti: "Bondeni. Notisi. Alhamisi, mwisho saa tisa na nusu." Nikamwambia sikupiga.

Nilitegemea anigombeze, na ningefurahi. Badala yake akaweka mkono kwenye kaunta na kuirudia tarehe ile yote, neno kwa neno, kama utaratibu unavyotaka. Akaniambia nifunge dirisha, upepo umeanza. Akaenda.

Shangazi, ofisi nzima inakushukuru, na watu wa bondeni wanakushukuru. Kapumzike, ulale mpaka jua likuchome. Lakini Jumanne ya tarehe 15 usiende mbali na simu. Safari hii nitapiga.