Ardis Tollefson na Chumba cha Kadi za Dawa

Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, saa kumi jioni, Bi Ardis Tollefson atarudisha funguo zake na kustaafu, baada ya kuitumikia Ofisi ya Dawa ya jimbo letu kwa miaka thelathini na miwili kasoro miezi miwili. Wengi wenu hamkuwahi kufanya kazi hapa bila yeye. Mimi nimekaa dawati la pili kutoka lake kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana nimepewa kazi hii.

Alikuja kwetu Agosti 1987, mfamasia kijana, binti wa wafuga ng'ombe wa maziwa, akapewa ukaguzi wa maduka ya dawa katika wilaya saba za kaskazini. Majira fulani ya baridi gari lake lilizama kwenye theluji akakaa humo saa kumi na tisa, akila pipi za mnanaa. Walipomchimbua, ripoti ya ukaguzi ilikuwa tayari, na chini yake aliongeza kwamba kipasha joto cha gari la serikali hakikidhi viwango. Alibadilishiwa gari mwezi uliofuata.

Lakini kazi itakayobaki na jina lake ni mpango wa kugawa upya dawa zisizotumika. Leo, dawa aliyoandikiwa mtu na hakuimaliza, ikiwa bado imefungwa na haijapitwa na muda, inakaguliwa kisha inapewa mgonjwa asiye na uwezo wa kuinunua. Linaonekana jambo la kawaida. Mwaka 2006, tulipoagizwa kulipanga, lilionekana la kichaa. Kamati iliketi mara thelathini na moja. Ardis alileta keki za ndimu kila kikao, na nina hakika wajumbe wawili hawakujiuzulu kwa sababu ya keki hizo tu.

Kamati ilitaka takwimu kwanza. Ikaamuliwa tufanye jaribio la wiki sita: nyumba kumi na moja za kutunzia wazee zituletee dawa zote zilizobaki, tuzihesabu, kisha ziteketezwe. Tulipewa chumba cha chini ya ardhi, kile kinachopakana na mitambo ya joto.

Kwenye nyumba hizo vidonge huja katika kadi, thelathini kwa kadi, kila kimoja kwenye kitundu chake, na jina la mgonjwa juu. Muuguzi hupasua kitundu kimoja kila asubuhi. Basi ukiishika kadi unaona siku mtu alipoishia. Kumi na tisa vimepasuliwa, kumi na moja vizima. Vinne vimepasuliwa, ishirini na sita vizima. Na jimbo letu ni dogo kwa watu. Siku ya pili nilishika kadi ya mwalimu wangu wa hesabu, nikaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameishia kwenye kumi na saba.

Mitambo ikiwaka, plastiki ilipata joto na kadi zikaanza kutoa milio ya kupasuka ndani ya maboksi, moja huku, nyingine kule, kama mtu anayepasua vidonge taratibu. Mfamasia wa zamu aliomba kuhamishwa. Hakuna aliyeshuka tena peke yake, isipokuwa Ardis, na yeye alianza kubisha hodi kabla ya kufungua mlango. Tulimtania sana. Alisema yeye kalelewa na adabu, sisi sijui tumelelewa na nani. Kadi zote alizilaza kifudifudi.

Aliyesukuma maboksi alikuwa Delmar Kadlec, fundi usafi wa jengo, aliyeajiriwa na mkandarasi asiyetoa bima ya afya. Wakongwe mnamkumbuka: mrefu, mcheshi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo.

“Bosi, hawa watu wako wananipigia kelele kwenye lifti,” alimwambia Ardis.

“Wasalimie, Delmar.”

“Nimewasalimia. Hawaitikii, wanaendelea na mazungumzo yao.”

Delmar alikuwa anaishi na figo la kupandikizwa, la dada yake. Sheria za wakati ule zilikuwa hivi: bima ya serikali ilimlipia miaka mitatu vidonge vya kuzuia mwili usilikatae figo, halafu ikakoma. Miaka mitatu yake iliisha Januari 2007. Mwezi Machi alimwambia Ardis, huku akicheka, kwamba sasa anameza kimoja badala ya viwili, siku nyingine anaruka kabisa. Ardis hakucheka. Yeye ni mfamasia. Alijua hesabu hiyo inaishia wapi.

Wiki hiyohiyo, katika boksi la kumi na nne, alikuta kadi tano za vidonge vile vile, nguvu ile ile, vimefungwa safi, vya bibi mmoja aliyefariki. Vingemtosha Delmar zaidi ya miezi miwili. Mpango wenyewe ulitarajiwa kutiwa saini Juni.

Ardis aliandika barua kuomba ruhusa ya kumpa mgonjwa kadi hizo, bila kumtaja mtu. Alikaa siku tisa akisubiri, na siku hizo tisa hakula chakula cha mchana. Mwanasheria wa ofisi alijibu kwa mistari miwili: kilichokusanywa kwa jaribio si dawa, ni takwimu. Hakiwezi kupewa mtu.

Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwa Ardis. Niseme wazi, mimi nilimwambia asithubutu. Kidonge kimoja kikipotea kabla ya mpango kutiwa saini, wapinzani wake wangetuzika, na maelfu waliokuwa wakiusubiri wangezikwa nasi. Nilikuwa na hoja nzuri sana. Fomu ya uteketezaji ilihitaji saini mbili: ya kwanza yake, ya pili yangu. Yeye aliisoma mara tatu ndipo akasaini. Mimi nilisaini bila kuisoma, na hilo ndilo linalonisumbua.

Delmar mwenyewe alisukuma toroli mpaka kwenye tanuri la hospitali ng'ambo ya barabara. Ardis alisimama dirishani mpaka toroli likarudi tupu.

Saini ya mpango haikupatikana Juni. Ilipatikana Septemba. Figo la Delmar lilikataliwa mwezi Mei. Serikali iliyogoma kulipia vidonge ikakubali kulipia mashine ya kusafisha damu, moyo wake ukachoka, akafariki tarehe 19 Julai, akiwa na miaka arobaini na nne.

Ardis alirudi kutoka mazishini akafungua jalada jipya. Lilikuwa na ombi moja: dawa yoyote itakayokusanywa kwa majaribio, kama inafaa, apewe mgonjwa. Alilipeleka kwenye bunge la jimbo mara sita. Mara tano lilikufa kwenye kamati, na kila mara tuliomjua tuliogopa kumpita karibu. Mara ya sita, Aprili mwaka huu, likawa sheria. Siku iliyofuata alileta barua ya kustaafu.

Yapo mafanikio mengine: mpango umehudumia wagonjwa zaidi ya elfu thelathini, amewafunza wafamasia wapya arobaini na wawili, na ameandika mwongozo unaonakiliwa na majimbo jirani bila aibu. Kwaya ya ofisi imemvumilia na yeye ameivumilia.

Lakini Jumapili iliyopita alikwenda kwa LaVonne Kadlec, mjane wa Delmar, kumwambia alichokificha miaka kumi na miwili: kwamba dawa za mumewe zilikuwemo kwenye jengo, na kwamba yeye alisaini zichomwe. Jumatatu alinisimulia, akaniagiza niandike kila kitu, la sivyo haji kwenye sherehe yake.

LaVonne alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hivi:

“Alijua, mwenzangu. Alizisoma kwenye lifti. Alirudi nyumbani akasema, leo nimesukuma dawa zangu. Nikamwambia, mjinga wewe, si ungechukua! Akasema angechukua, wewe ungefukuzwa, na ule mpango ungekufia mikononi. Halafu akaniomba nimwongezee viazi.”

Ardis, kwa niaba ya wote uliowafunza, uliowagombeza na uliowalisha keki, tunakushukuru. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, bustani isiyoliwa na sungura, na usingizi usiokatika.

Sherehe itaanza saa tisa alasiri ukumbi wa ghorofa ya kwanza. LaVonne amethibitisha kuwa atakuja. Wajibu wa kupokea wageni mlangoni nimepangiwa mimi, mwenye saini ya pili.

Gaylen Brandvold
Kitengo cha Ukaguzi