Mpira wa Kona ya Kushoto

Benchi letu lipo nje ya mgahawa wa Wilma, ng'ambo ya barabara kutoka kanisani, na tangu kiwanda cha chuma kifungwe, suruali zetu zimeling'arisha kuliko tulivyowahi kung'arisha chuma. Jumamosi ile ya mwezi wa tano, mwaka 1988, tulikuwa wanne. Redio, yaani Carmine, ambaye hana swichi ya kumzimia. Askofu, yaani Walt, mwenye methali kwa kila jambo, ila huwa ni za jambo jingine. Mimi. Na mzee Jozef Hudak, tunayemwita Kofia kwa sababu kofia yake ya sufi haimtoki kichwani hata kiangazi. Siku hiyo Kofia alikuwa amevaa suti. Kanisani, mwanawe Miro alikuwa anaoa, na mama wa kijana alishaingia peke yake. Kofia alisema anamalizia kikombe tu, ataingia. Kikombe hicho Wilma alikuwa amekijaza sijui mara ngapi.

Kosa la Miro mji mzima unalijua. Vuli iliyopita wachezaji wa Wafuaji, timu yetu ya futiboli, ile ya kofia ngumu na mabega ya bandia, waligoma. Matajiri wa timu wakaokota vijana wa kuziba nafasi. Tukawaita viraka, na viraka wakacheza Jumapili tatu. Sasa, kwetu mtu wa chama cha wafanyakazi hapiti mbele ya waliogoma getini, hata kama mama yake yuko ndani. Tuliapa ukumbini, mikono juu: hakuna kwenda uwanjani, na redio zizimwe. Runinga haikuhitaji kiapo, maana viti visipouzwa vyote, mechi haionyeshwi maeneo ya kwetu. Aliyetuapisha ni katibu wa tawi, Jozef Hudak. Wiki hiyohiyo mwanawe akawa kiraka.

Redio: Mimi simwonei mtu. Nasema tu, viraka wangefungwa zote tatu, matajiri wangelia, wachezaji wangepewa haki yao. Yeye akaenda kudaka mpira wa mwisho ndani ya mstari wa pointi, tukashinda. Mgomo ukafia palepale.

Askofu: Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hiyo inaingiaje hapo?

Askofu: Inaingia. Wewe subiri.

Redio: Wenyewe waliporudi, roho zishavunjika. Mtu anakimbia na kinyongo, utafika wapi? Tukapigwa mpaka theluji ikaanguka. Timu ya ubingwa ile, bwana. Imeuawa na mikono miwili ya mtoto wa Hudak.

Kofia alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Askofu: Na kiwanda nacho kiliuliwa hapohapo.

Mimi: Kiwanda kilifungwa kabla, Askofu. Tulikuwa tumeshakaa hapa.

Askofu: Wangekifungua. Matajiri wote wanakula meza moja. Walipoona viraka wanashinda wakasema, kumbe. Mwenda pole hajikwai.

Redio: Hata daraja halijapakwa rangi tangu siku ile.

Mimi: Na samaki mtoni je?

Redio: Cheka tu. Lini umevua samaki wa maana?

Hapo gari lenye namba za jimbo la jirani, Ohio, likasimama, akashuka mama wa makamo na sinia lililofunikwa taulo. Alikuwa shangazi wa bibi harusi, kacheleweshwa na pancha. Harusi za kwetu huwa na meza ya biskuti. Kila nyumba inaoka, mpaka meza inalemewa. Safari hii wake zetu tuliwakataza.

Shangazi: Hamjambo wazee. Misa imeisha? Nimesikia upande wa bwana harusi hakuna aliyeoka, nikaongeza zangu.

Wilma akamwambia wanakaribia kutoka, avute pumzi kwanza, akammiminia kahawa.

Redio: Tunaongea mpira tu, mama. Ule aliodaka bwana harusi, kona ya kulia ya uwanja.

Askofu: Kushoto.

Redio: Kulia, chini ya saa kubwa.

Askofu: Ukikaa upande wa vyoo, ni kushoto.

Kisha Askofu akafunga mdomo, amechelewa. Redio akainamia viatu vyake. Mimi nikajifanya napenga kamasi.

Kofia: Ni kushoto.

Akakiweka kijiko kwenye kisahani.

Kofia: Alianguka nao kifuani, wenzake wakamrundikia. Alipoinuka hakushangilia. Akavua kofia ngumu, akasimama anatazama viti vya juu, safu kwa safu, mpaka kocha akaja kumvuta mkono. Mtu kashinda mechi, anatazama viti vitupu. Nini maana yake? Mpumbavu yule.



Shangazi: Alikuwa anamtafuta nani?

Aliuliza hivihivi, kama mtu anayeuliza njia. Kofia akakisukuma kikombe kwa Wilma ajaziwe tena. Dakika ile nililichukia benchi lile na kila aliyelikalia, nikiwemo.

Wilma akavua aproni. Akaingia ndani, akatoka na sinia lake mwenyewe la biskuti, akamshika shangazi mkono.

Wilma: Kahawa imekwisha, wazee. Mimi naenda harusini.

Kengele zikaanza, milango ikafunguliwa, mchele ukarushwa. Miro akatokea ngazi ya juu na mkewe, watu wanampiga mabega. Hakucheka. Alitazama watu waliosimama chini, mstari kwa mstari, kisha barabara, kisha ng'ambo ya barabara, kwetu.

Redio: Hudak. Nenda basi.

Kofia akaishika kofia yake kwa mikono miwili, akaivuta mpaka puani, vilevile alivyoivuta Jumapili ile kule viti vya juu. Na sisi watatu tukageukia pembeni tusionekane tumemwona, vilevile kama Jumapili ile.